Miaka mitatu nikinunua cha bure

Nauza mitumba soko la Memorial hapa Moshi, magauni na mashati ya kike, na kila shilingi inayotoka mkononi naiandika. Tabia hiyo niliirithi kwa mama, aliyeuza ndizi Mbuyuni bila kujua kusoma, madeni yake akiyachora vijiti vya mkaa ukutani. Kwa hiyo nilipokaa chini Aprili 2020 kujumlisha nilichotumia kutafuta upako tangu Machi 2017, sikuhitaji kukisia. Nauli ya Arusha kila Alhamisi niliyoweza, safari 120 kwa 7,000 kwenda na kurudi: 840,000. Chupa 34 za mafuta kwa 10,000: 340,000. Maji ya upako, chupa 60 kwa 5,000: 300,000. Kumwona mtumishi ana kwa ana mara sita, kila mara 50,000: 300,000. Bahasha za kawaida: 480,000. Sadaka ya kukomboa ukoo: 600,000. Na ile waliyoiita sadaka ya kujimaliza, ambayo ilikuwa pesa yangu ya kununulia belo mbili za mitumba: 1,200,000. Jumla 4,060,000.

Riba ya mkopo wa vicoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, haimo. Bibi yangu pia hayumo, maana sikujua nimwandike safu gani.

Kila Alhamisi asubuhi bado nawaona stendi akina mama niliokuwa nakaa nao kiti kimoja. Mmoja ni mteja wangu wa magauni. Kumwambia mtu aache anachokiamini akiwa anakimbilia basi siwezi, ndiyo maana nimeamua kuandika.

Nilikulia KKKT, kanisa la Kilutheri. Nilipata kipaimara mwaka 1996, nikavaa gauni jeupe, nyumbani wakapika pilau. Katika madarasa yale tulikariri Katekisimo Ndogo ya Luther, kitabu cha mwaka 1529: Amri Kumi, Imani ya Mitume, Sala ya Bwana, Ubatizo, Meza ya Bwana. Baada ya karibu kila fungu mle kuna swali linalojirudia: maana yake ni nini? Sisi tulikariri swali pamoja na jibu kwa pumzi moja, kama mtu anayetaja namba ya simu. Sikumbuki hata siku moja niliyosimama nikauliza kweli, maana yake ni nini. Mwinjilisti alitaka tusikosee neno, nasi hatukukosea.

Mwaka 2015 mimba yangu ya kwanza iliharibika ikiwa na miezi mitatu. Ya pili ikaharibika mwaka uliofuata. Hospitali walinipima wakakuta sukari iko juu, na mimi sikuwa na habari. Daktari alinieleza kwamba sukari isiyodhibitiwa huongeza hatari ya mimba kuharibika, akanipa dawa na kadi ya kliniki. Nilikwenda miezi kadhaa bila kukosa. Lakini kliniki haikujibu swali nililolala nalo usiku, la kwa nini mimi, na mawifi walikuwa wameanza kuniuliza swali hilo hilo kwa maneno yao.

Mteja mmoja akaniambia kuna huduma Arusha, nenda ukaguswe.

Nisiwe mnafiki: Alhamisi ya kwanza nililia kwa raha. Mama nisiyemjua alinishika mkono tangu wimbo wa kwanza hadi mwisho. Mtu aliniuliza jina, wiki iliyofuata akalikumbuka. Usharikani kwetu ugonjwa wangu ulitangazwa mara moja, katikati ya tangazo la kwaya na tangazo la mnada wa mbuzi, na hakuna aliyekuja nyumbani. Nikisikia watu wa makanisa ya zamani wakiwacheka wanaokimbilia mafuta, huwa natamani kuwauliza: ninyi mlimtembelea nani mwaka huu?

Kilichofuata kilikuja polepole. Hakuna siku niliyoambiwa kwamba wokovu unauzwa. Niliambiwa Mungu ni wa bure ila upako una gharama. Kisha nikaambiwa mbegu ndogo huzaa muujiza mdogo. Kila jambo lilikuwa na andiko lake, nusu mstari, linasomwa kwa sauti kubwa kisha tunapiga makofi. Mimi ninayefungua belo na kukagua kila shati, kola, kwapa, zipu, vifungo, sikuwahi kufungua Biblia kuona ule mstari umetoka wapi na baada yake panasemwa nini. Shati la elfu tatu nililikagua kuliko roho yangu.

Katikati ya 2017 nikaambiwa kumeza vidonge ni kumwambia Mungu simwamini. Nikaacha dawa. Miezi saba. Februari 2018 mimba ya tatu ikaharibika, safari hii nikalazwa, sukari ikiwa imepanda mpaka naona ukungu. Nilipopata nafuu nilirudi Arusha kuuliza kulikoni, nikajibiwa kwamba imani yangu ilikuwa na tundu. Tafadhali, kama utasahau yote niliyoandika hapa, hili usilisahau: mtu yeyote akikwambia uache dawa aliyokuandikia daktari, ondoka hapo siku hiyo hiyo, hata kama anaomba kwa machozi. Luka aliyeandika Injili, Paulo anamwita tabibu mpendwa katika Wakolosai 4:14. Hakumwambia atupe mkoba.

Baada ya lile tundu la imani ikaja habari ya ukoo. Niliambiwa kizazi changu kimefungwa na mwanamke mzee upande wa mama, anayekaa mlimani. Mwanamke mzee upande wa mama anayekaa mlimani, kwetu, ni mmoja tu. Bibi yangu wa Old Moshi, aliyenibeba mgongoni wakati mama yuko sokoni, aliyenipa kiburu kwenye sahani ya bati kila likizo. Nililipa ile 600,000 kumkomboa mtu asifungwe na bibi yake. Nikaacha kwenda kumwona. Alituma watu kuuliza kama naumwa, nikasema niko bize. Mwaka 2019 akafa.

Mazishini nilikwenda. Nilisimama mwisho, karibu na migomba, na chakula cha msiba sikugusa kwa sababu nilikuwa nimekatazwa. Mjomba aliniona sikula. Hakusema kitu.

Novemba mwaka huo nilitoa ile ya kujimaliza. Jina lake halifichi kitu, nilijimaliza kweli. Desemba, msimu ambao Wachaga wote wanarudi nyumbani na Memorial haipitiki kwa watu, mimi nilikuwa na kibanda cheupe. Marejesho ya vicoba yakanishinda, na mwenyekiti akaja nyumbani Pasua kumuuliza mume wangu. Mume wangu ni seremala, mtu wa maneno machache. Alisikiliza, akamsindikiza mwenyekiti mpaka barabarani, akarudi akakaa kwenye kochi alilolitengeneza kwa mikono yake akaniuliza, "Mama, ni shilingi ngapi?" Nikadanganya. Nikasema laki nne. Uongo ule uliniuma kuliko deni lenyewe, na ndio ulionionyesha kwamba nimekuwa kama mtu anayecheza kamari.

Jumamosi ya Februari 1, 2020, kulikuwa na mkutano mkubwa wa maombi uwanja wa Majengo hapa hapa Moshi. Haukuwa wa huduma niliyofuata mimi. Jioni watu walisukumana kwenda kukanyaga mafuta ya upako yaliyomwagwa chini, wakakanyagana wao kwa wao, na watu 20 wakafa. Nilikuwa nimepanga kwenda, ila mguu ulivimba nikabaki nyumbani. Usiku ule majirani walilaumu huyu na yule. Mimi nilikuwa na swali moja tu kichwani: ningekuwa pale, ningesukuma? Ningesukuma. Ningemsukuma hata mama mwenye mtoto mgongoni, kwa sababu nilikuwa naamini kabisa kwamba rehema ya Mungu imemwagwa mahali padogo na haitoshi watu wote.

Hapo ndipo niliposhtuka. Ile ndiyo imani niliyokuwa nayo, na sijui niliitoa wapi.

Wiki iliyofuata nikapanda Kidia kwa mjomba. Ni mwinjilisti mstaafu, analima kahawa kidogo na ndizi, na ni mtoto wa bibi yule niliyemwita mchawi. Kwa Wachaga mtu akikujia na jani la isale kuomba msamaha, hukatai. Lakini mjini Pasua isale sina, na nilikumbuka nikiwa tayari nimefika. Nikachungulia huku na huku, nikakata jani kwenye uzio wa kihamba chake mwenyewe, nikaenda nalo mlangoni. Nilianza kueleza, habari ya bibi, habari ya chakula cha msiba. Hakunisubiri nimalize. Alilipokea kwa mikono miwili, akaita ndani niletewe chai.

Baadaye sana, tulipofika kwenye neno neema na mimi nikawa najibu kama mwanafunzi wa kipaimara, aliniuliza, "Lile isale ulilitoa wapi?"

"Kwenye uzio wako, mjomba."

"Haya. Endelea kusoma."

Tulisoma Jumapili alasiri, karibu mwaka mzima, wakati mwingine tuko wawili, wakati mwingine watano na majirani. Sharti lake lilikuwa moja: sura nzima, hakuna kusoma nusu mstari. Na siku ya kwanza hakuniambia nilete Biblia. Aliniambia nilete daftari. Akavaa miwani, akalisoma mstari kwa mstari kama mkaguzi, akafungua Warumi 4:4, "Lakini kwa mtu afanyaye kazi, ujira wake hauhesabiwi kuwa ni neema, bali kuwa ni deni."

"Kuli akikubebea belo kutoka kwenye gari ukampa elfu mbili, umempa zawadi?"

"Hapana, nimemlipa."

"Na ukishamlipa, anaweza kukataa kubeba?"

"Hawezi."

"Basi Mungu kwako alikuwa kuli."

Nilinyamaza. Ni kweli, kila chupa niliyonunua nilikuwa namwekea Mungu deni. Na alipokuwa halipi, niliongeza mtaji.

Kisha akanionyesha mambo mawili ambayo sijaacha kuyatafakari mpaka leo. Warumi 3:24 inasema wanadamu "wanahesabiwa haki bure kwa neema yake, kwa njia ya ukombozi ulio katika Kristo Yesu." Halafu Wagalatia 2:21, kwamba kama haki hupatikana kwa njia ya sheria, "basi Kristo alikufa bure." Mfanyabiashara hapendi neno bure. Sokoni cha bure ni kile kilichotoboka, unamtupia mteja juu ya mzigo ili asirudi kudai chenji. Tena kwa Kiswahili bure ni bila malipo, na bure ni bila faida, na mjomba alikuwa anafurahia jambo hilo kama mtoto. Akasema, "Chagua. Unapokea bure, au alikufa bure." Baadaye nilikuja kujifunza kwamba hata katika Kigiriki alichoandika Paulo neno ni moja pote pawili, dorean. Kwa hiyo si Kiswahili kilichopungukiwa maneno.

Neno la pili lililonifungua ni hilo kuhesabiwa. Nilikuwa nimelisikia tangu utoto, "kuhesabiwa haki," nikidhani maana yake ni kuwa mwema kidogo kidogo mpaka Mungu aridhike. Kumbe ni lugha ya daftari. Haki ya Kristo inaandikwa kwenye ukurasa wangu, na dhambi yangu iliandikwa kwenye wake, pale msalabani. Hilo ndilo fundisho ambalo wakristo wa kiinjili, Mlutheri, Mbaptisti, Mpentekoste, wanalishika kama moyo wa Injili: kwamba Kristo alikufa badala yetu, na tunalipokea hilo kwa imani, wala si kwa matendo. Waefeso 2:8-9, kwamba tumeokolewa kwa neema wala si kwa matendo, nilikuwa nayo kwenye kalenda ukutani miaka yote mitatu. Ilikuwa imening'inia juu ya kabati la mafuta.

Hapa nichepuke kidogo. Mjomba alinisimulia habari ya 1517 nikacheka mpaka nikashika tumbo, na kicheko chenyewe kilikuwa na uchungu. Ujerumani walikuwa wanauza vyeti vya msamaha. Muuzaji mashuhuri aliitwa Johann Tetzel. Bei zilipangwa kwa hadhi ya mnunuzi, mfalme bei yake, mfanyabiashara bei yake, mwenye shida bei ya chini zaidi, kama sisi tunavyopanga daraja la kwanza na la pili. Nusu ya pesa ilikwenda kujenga Kanisa la Mtakatifu Petro kule Roma, na nusu ikalipa deni la Askofu Mkuu Albrecht kwa benki ya familia ya Fugger. Mtawala wa Wittenberg hakuruhusu biashara ile katika nchi yake, kwa hiyo waumini walivuka mpaka kwenda miji jirani, Jüterbog na Zerbst, wakanunua, wakarudi na vyeti vyao kumwonyesha padri wao. Padri wao alikuwa Martin Luther. Mwisho wa Oktoba mwaka ule akaandika hoja 95, na ya kwanza inasema maisha yote ya mwamini ni ya toba.

Yaani walipanda usafiri kwenda mji wa pili kununua. Mimi Mlutheri niliyezaliwa miaka zaidi ya 460 baadaye nilikata tiketi ya Arusha kwa safari ile ile. Na basi langu lilipita njia panda ya Akeri, huko Meru ambako wamisionari wawili wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa mwaka 1896. Nilipita hapo zaidi ya mara mia bila kujua kuna watu waliokuja mpaka pale na kulala pale kwa ajili ya habari ambayo mimi nilikuwa naikimbia kwa nauli yangu.

Mafundisho mengine yaliingia kwa haraka zaidi. Habari ya Biblia, kwamba ndiyo kipimo cha mwisho cha mafundisho yote: mjomba alinipeleka Matendo 17:11, Waberoya, waliokuwa wakiyachunguza maandiko kila siku kuona kama aliyosema Paulo ndivyo yalivyo. Paulo mwenyewe alikaguliwa, na waliomkagua wakasifiwa. Tangu siku hiyo nina jaribio dogo ninalompa mhubiri yeyote: namuuliza swali la heshima baada ya ibada. Akinijibu, hata vibaya, namsikiliza tena. Akiniambia usimguse masihi wa Bwana, naaga.

Utatu ulinisumbua kwanza, kwa sababu nilitaka kuuelewa kama hesabu. Mjomba alisema wazee wa Kanisa hawakukutana Nikea mwaka 325 ili kuufanya rahisi, bali kukataa fundisho la Arius, aliyesema Mwana aliumbwa. Nilipouliza hilo linanihusu nini mimi muuza magauni, akanikumbusha nilichomwambia mwenyewe: kule tulifundishwa kwamba Yesu alikuwa mtu aliyepata upako, nasi tukipata upako ule ule tutafanya yale yale. "Kama ni mtu aliyepakwa tu," akasema, "basi msalabani alikufa mtu mwema, na tumpe pole." Wokovu wangu unasimama kwa kuwa yeye aliyelipa ni Mungu aliyefanyika mwanadamu. Na 1 Timotheo 2:5 inasema mpatanishi ni mmoja. Ile elfu hamsini ya kumwona mtu ana kwa ana nilikuwa namlipa mpatanishi wa pili.

Roho Mtakatifu ndiye niliyemkosea zaidi. Nilimfanya umeme, kitu kinachojazwa kwenye chupa. Kumbe ni Nafsi, anahuzunika, anafundisha, anaongoza. Simoni mchawi wa Samaria alitaka kumnunua, na Petro akamjibu katika Matendo 8:20, "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe." Niliposoma hapo nilifunga Biblia, nikatoka nje nikaenda kusimama kwenye kahawa.

Lakini mafuta yenyewe yamo kwenye Biblia, nisidanganye. Yakobo 5:14 inasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa, wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana. Soma vizuri. Wazee ndio wanaokwenda kwa mgonjwa, bei haijatajwa, na kinachosemwa mstari unaofuata ni kule kuomba kwa imani. Wazee wa mtaa wetu walipokuja kwangu mwaka 2021, baada ya mjomba kuwasema, hawakuwa hata na chupa. Walikuja na mkungu wa mchare.

Ufufuo tulisoma Pasaka, 1 Wakorintho 15, na bure ikarudi mara ya tatu: kama Kristo hakufufuka, imani yenu ni bure. Kuzaliwa mara ya pili tulisoma kwa Nikodemo, na hapo tulibishana, maana jirani yangu wa kibanda ni Mpentekoste na siku hiyo alikuja. Yeye anaijua tarehe aliyookoka, mpaka saa. Mimi tarehe sina. Nilibatizwa nikiwa mchanga, nikakariri, nikapotea, nikarudi taratibu, na siwezi kuonyesha kidole siku Roho aliponizaa. Yeye anashika ubatizo wa maji mengi kwa anayeamini, mimi sijabatizwa tena. Anaomba kwa lugha, mimi siombi. Hatujaafikiana mpaka leo, na ndiye anayenishikia kibanda nikienda kliniki. Ni yeye pia aliyenifundisha kutofautisha: si kila wanaoombea wagonjwa ni wachuuzi. Kanisani kwao wanaomba usiku kucha na hakuna anayetoa hata shilingi mia.

Kosa lililofuata lilikuwa la kwangu mwenyewe. Nilipoelewa neema, niliacha kabisa kutoa. Mwaka mzima bahasha yangu ya ahadi ilikaa tupu, nami nikijiona nimekombolewa. Mjomba alinicheka. "Ulikuwa mdeni, sasa umekuwa bahili." Akanifungulia mstari unaofuata ule wa kwenye kalenda, Waefeso 2:10, kwamba tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Kumbe hata kwenye kalenda nilikuwa na nusu.

Kuacha hakukuwa kwepesi kama ninavyosimulia. Alhamisi ya kwanza nilipobaki Moshi mikono ilitetemeka. Belo nililofungua wiki hiyo lilikuwa bovu, makoti mazito tupu, na moyo ukaniambia ni laana. Mume wangu alipokata kidole na msumeno nikasema hiyo hapo. Kwa mtu anayetoka mahali kama pale, usimwambie tu aache uoga. Kaa naye. Mimi nilisaidiwa na Wagalatia 3:13, kwamba Kristo alitukomboa na laana kwa kufanywa laana kwa ajili yetu. Niliuandika kwenye karatasi nikauweka ndani ya mkoba wa pesa, nikausoma kila nilipotoa chenji. Baada ya karibu mwaka uoga ukawa unakuja mara moja moja kama homa ya zamani. Na kweli yote nilimwambia mume wangu, nikamkabidhi daftari. Alisoma mpaka jumla, akalifunga, akasema tutalipa. Tulimaliza vicoba Machi 2022.

Mtoto hatuna. Nina miaka inayokaribia mwisho wa jambo hilo, sukari yangu iko sawa, kliniki sikosi. Watu huniuliza sasa imani hiyo mpya imenipa nini, na mwanzoni nilitafuta jibu zuri. Siku hizi nawaambia kaburi la bibi liko Kidia, nimepanda isale pale, na Jumapili naenda kula kwa mjomba.

Chupa saba za mafuta zilibaki kabatini. Kutupa niliogopa, kupikia nikaona vibaya. Mwaka jana kufuli la kibanda lilianza kukwaruza, nikasema haya, angalau zifanye kazi. Nikamimina chupa moja nzima. Jirani yangu Mpentekoste aliniona akapiga kelele, "Mama, hayo ni mafuta ya kula, yatakamata vumbi!" Sikumsikiliza. Baada ya wiki mbili kufuli likaganda kwa vumbi la Memorial, funguo ikakatikia ndani, nikamlipa fundi elfu tano kulikata na elfu kumi na mbili kununua jipya. Jioni nikatoa lile daftari la zamani, nikaandika 17,000 chini ya jumla.